Nusu ya Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, Kiboko akiwa bado na nyumba ya bati na kiti cha uvivu barazani, kando ya bwawa lake aliishi Bi Pimbi, mjane mwenye watoto wanne. Shamba lake lilikuwa tuta moja tu la karoti, na hata hilo lilikuwa kwenye ardhi ya Kiboko.

Desturi ya pale ilikuwa kwamba mwenye ardhi anachukua nusu, tena anachukua kwanza. Mwaka uliopita Kiboko alijichagulia karoti zote nene, akamwachia mwenzake vijikia vya panya. Kiangazi kizima watoto walilala njaa, na Bi Pimbi alikuwa bado na uchungu.

Safari hii alimwaga mbegu bila kuzihurumia. Wiki tatu hazijapita, miche ikabanana tuta zima. Majirani wakamcheka kwamba hajui kulima. Yeye akaoga, akajifunga khanga safi, akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Nasikia Tembo wa ng'ambo huletewa fungu lake kabla ya wenye ardhi wote. Nikaona aibu, bwana wangu angoje nyuma yake."

Kiboko akavimba. Yeye amngoje Tembo? Akaenda pu, pu, pu mpaka kwenye tuta, akakuta kijani kitupu, hata sindano haipenyi. Mate yakamdondoka.

"Nataka nusu yangu leo hii," akasema. "Mche kwa mche, na majirani washuhudie."

Bi Pimbi akauliza kwa upole kama baada ya hapo tuta litakuwa halidaiwi. Kiboko akajibu mbele ya wote kwamba halidaiwi.

Basi akaanza. Chop, akang'oa mmoja wa Kiboko. Wa pili, wenye nguvu, akauacha. Chop, mwingine. Miche hiyo angeing'oa hata kama Kiboko asingekuja, maana karoti zikibanana hazinenepi. Jirani yake Nungunungu alipong'amua, ilibidi ajifanye anakohoa.

Kiboko akapokea mzigo wake wa majani membamba, akautafuna wote mara moja, akaenda kulala ameridhika.

Tuta likapata pumzi. Miezi miwili baadaye Bi Pimbi alivuta karoti ya kwanza, ikatoka nene, nyekundu, na watoto wakapiga vigelegele. Kiboko akaja anahema.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Kwenye nusu yangu, bwana."

"Na yangu iko wapi?"

"Uliila siku ile."

"Mche kwa mche," akadakia Nungunungu, "na sisi tulishuhudia."

Kiboko akatazama huku na huku, hakuna aliyemtetea. Akarudi bwawani, akazama mpaka masikioni kwa aibu. Bi Pimbi alijaza makapu sita, akaketi juu ya mojawapo, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kwa kuwa kiangazi kile wanawe wangeshiba.

Anayelilia fungu lake kabla halijakomaa, wanangu, asimlaumu aliyempa.