Ngiri na Pigo la Mwisho

Paukwa!

"Pakawa!"

Kaondokea nani?

"Tuambie wewe!"

Kaondokea mpiganaji, kajivika mikanda saba, mazoezi kayasahau nyumbani. Sogeeni karibu, na leo mna kazi. Mimi nikisema "puu!", ninyi mseme "inuka!" Tujaribu. Puu!

"Inuka!"

Vizuri. Msinizime katikati ya hadithi.

Hapo kale, kwenye bonde moja la nyasi ndefu, palikuwa na uwanja wa kujifunza kupigana. Mwalimu wake alikuwa Bi Kakakuona, kikongwe mwenye magamba mwili mzima, macho hayaoni mbali, mdomoni hana jino hata moja. Hakuna aliyewahi kumwona akimpiga mtu. Hata hivyo wanyama walivuka mito kuja kujifunza kwake. Ukifika ulipewa ufagio. Ukishafagia uwanja mwezi mzima, ulifundishwa kuanguka. Si kuangusha, jamani. Kuanguka! Mwaka mzima. Puu!

"Inuka!"

Puu!

"Inuka!"

Kutwa ilikuwa hivyo. Na kabla ya pambano lolote, hata la mchezo, kila mmoja alipiga magoti, akagusa udongo kwa paji la uso, akamwambia mwenzake, "Unisamehe kabla sijakugusa." Mwenzake akajibu, "Nimeshakusamehe, njoo." Bila maneno hayo hapigani mtu.

Mwanafunzi aliyekuwa karibu zaidi na Bi Kakakuona alikuwa Nguchiro. Mdogo, mwepesi, mkia mrefu, kichwani ujanja unamwasha kama upele. Alimpenda yule kikongwe kama bibi aliyemzaa mama yake. Alimchotea maji, alimtolea miiba iliyonasa kwenye magamba. Siku moja bibi alimwambia, "Mjukuu wangu, una haraka kama wengine wote. Ya kwako umeificha tu." Nguchiro alicheka. Maneno yale yalimuuma, lakini alicheka.

Sasa, Ngiri naye aliwahi kuja pale uwanjani. Alifagia siku tatu. Alianguka mara moja, puu!

"Inuka!"

Akainuka kwa hasira. "Bibi, mimi nimekuja kuangusha! Kuanguka hata gogo linajua!" Akatupa ufagio, akaenda zake.

Mnawaona wapiganaji wetu wa siku hizi? Basi babu yao ni huyo. Alisuka mkanda wa magome ya mti, akajifunga, akajiita Bingwa wa Bonde. Kesho yake akasuka wa pili: Bingwa wa Bonde na Vitongoji Vyake. Wa tatu: Bingwa wa Mabingwa. Ilipofika saba, tumbo halikuonekana tena. Akamchukua Kanga awe mpiga mbiu wake. "Kekekeke! Nani kama Ngiri? Kekekeke! Hakuna kama Ngiri!" Tambo zilianza jua linapochomoza, pambano lenyewe likaisha kabla hujamaliza kupiga chafya. Na aliyeshindwa alinyang'anywa mahali pake pa kunywea maji. Swala akanyang'anywa. Nungunungu akanyang'anywa. Mwisho ukingo wote wa mto ukawa wa Ngiri, na mdomo alikuwa nao mmoja tu.

Siku moja akapita uwanjani. Akaona udongo laini, uliofagiwa miaka na miaka. Akanusa, nf, nf, nf! Chini kuna mizizi mitamu.

"We kikongwe! Siku ya nane kutoka leo tupambane, mimi na wewe. Nikikushinda, uwanja wangu, naufukua wote!"

"Karibu, mjukuu wangu," alisema Bi Kakakuona.

Nguchiro alisubiri Ngiri aondoke. "Bibi, niache nipigane mimi."

"Kaniita mimi."

"Atakuvunja, bibi!"

"Ataniangusha. Nitainuka. Ataniangusha tena, nitainuka tena. Mwisho atachoka, ataniuliza, bibi, unafanyaje? Hapo ndipo darasa lake litakapoanza. Alikatisha mapema tu, yule. Ana mwili mzuri wa kujifunza."

Nguchiro aliona uzee umemzidi bibi. Angemsubiri Ngiri aulize swali, wakati Ngiri anatafuna uwanja! Hakulumbana naye. Aliondoka kimya kimya, akaenda mpaka kwenye shimo la Ngiri.

"Hodi, Bingwa!"

"Nani?"

"Ni mimi, Nguchiro. Nimekuja kukutahadharisha. Utapigwa."

Ngiri alicheka, Kanga akacheka, mikanda saba ikacheka. "Nipigwe na nani? Na kibogoyo yule?"

"Unadhani wanyama wanavuka mito kufuata ufagio? Bibi analo pigo moja analificha. Linaitwa Pigo la Mwisho. Ukilipata hilo, hakuna atakayekushinda tena, bondeni wala milimani."

Ngiri akaacha kucheka. Mate yalimtoka. Mwenye tamaa ukimtajia kitu cha mwisho, hulala njaa akikiwaza.

"Unalijua?"

"Nalijua."

"Nifundishe."

"Siku saba. Na utafanya ninavyosema."

Nia ya Nguchiro ilikuwa kumchosha. Amfanyishe kazi mpaka siku ya nane aje uwanjani miguu inagongana. Ila uongo mtupu Ngiri angeunusa, kwa hiyo Nguchiro akampa mafunzo ya kweli, yale yale ya bibi, ili mwishoni aingize uongo mmoja tu. Akampa ufagio. Akampa kuanguka mara mia kwa siku. Akampa magoti, paji la uso na yale maneno. Pale mbele ya shimo vumbi lilitimka. Puu!

"Inuka!"

Puu!

"Inuka!"

Siku ya kwanza Ngiri alifagia huku ananung'unika. Siku ya pili alianguka huku anatukana. Siku ya tatu alianguka, akanyamaza. Siku ya nne Nguchiro alipofika alikuta pameshafagiwa, hata majani madogo hayapo. Siku ya tano Ngiri hakuwa na mikanda.

"Iko wapi, Bingwa?"

"Inanibana nikianguka," alisema Ngiri. Akaona haya kidogo. "Na leo nimeanguka mara mia na kumi. Zile kumi nimeongeza mwenyewe."

Siku ya sita akamfukuza Kanga. "Kelele zako zinanifanya nisisikie pumzi yangu," alimwambia. Kanga akaenda kulalamika kwa wenzake, kekekeke, mpaka leo wanalalamika.

Siku ya saba, jamani, sikilizeni. Nguchiro alifika, na Ngiri, lile dume lenye pembe mbili za mdomoni, lilipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mwalimu."

Hakuna aliyewahi kumwita Nguchiro mwalimu. Aliona wazi kwamba bibi alisema kweli: Ngiri alikuwa na mwili mzuri wa kujifunza, na roho yake nayo ilikuwa imeshaanza kufuata. Angeweza kumwambia, ndugu yangu, hakuna pigo lolote la mwisho, twende kwa bibi ukamwombe radhi. Maneno hayo yalifika mdomoni kabisa. Lakini mpango ulikuwa mzuri mno! Alikuwa ameupanga siku saba, na bonde zima lingeujua. Na nani huutupa mtego uliokwisha kufyatuka nusu?

"Marahaba," alisema. "Sasa Pigo la Mwisho. Bibi atasimama mbele ya kichuguu cha pale uwanjani, kama desturi yake. Ukishamsalimia, fumba macho. Hesabu tatu. Halafu kimbia moja kwa moja mbele, kwa nguvu zako zote. Usifumbue macho. Ukifumbua, pigo limepotea."

"Sitafumbua, mwalimu."

Asubuhi ya siku ya nane wanyama wote walijaa. Bi Kakakuona alisimama mbele ya kichuguu, kile kikubwa, kilichokaushwa na jua mpaka kikawa jiwe. Watu walingoja tambo, walingoja Kanga. Ngiri alikuja peke yake, kichwa chini, bila mkanda hata mmoja. Akapiga magoti. Akagusa udongo kwa paji la uso.

"Unisamehe kabla sijakugusa."

Bi Kakakuona alimsogelea kwa macho yake yale mabovu, akamnusa, na machozi yakamtiririka kwenye magamba. "Nimeshakusamehe," alisema. "Njoo."

Nguchiro alikuwa amekaa mstari wa mbele. Kupiga ukelele mmoja tu kungetosha. "Fumbua!" Neno moja! Akaangalia umati, akaangalia kichuguu, akaumeza ule ukelele.

Ngiri alifumba macho. Moja. Mbili. Tatu. Vumbi, wuuuu! Bi Kakakuona akajikunja, akabingirika kando kama alivyofanya maisha yake yote, na Ngiri akavaana na kichuguu. Kraaak! Pembe moja ikavunjika kwenye mzizi wake. Puu!

"Inuka!"

Mmesema ninyi. Siku ile hakuna aliyesikia neno hilo. Bi Kakakuona alilisema, "Inuka, mjukuu wangu, inuka," lakini sauti yake ilikuwa ndogo, na kicheko kilikuwa kikubwa. Swala alicheka. Nungunungu alicheka mpaka miiba ikamdondoka. Ngiri alilala ubavu, damu mdomoni, macho bado ameyafumba. Alikuwa ameambiwa asifumbue.

"Mwalimu," aliita. "Mwalimu Nguchiro, nilifumba kama ulivyosema. Nimekosea wapi?"

Wote wakamgeukia Nguchiro. Hapo ndipo walipoelewa nani aliyekuwa mwalimu, na mtego ulikuwa wa nani, na kicheko kikawa shangwe. "Nguchiro! Nguchiro!" Nguchiro naye, Mungu amsamehe, alicheka pamoja nao. Ngiri alikisikia kicheko kile. Ndipo akafumbua macho. Alimtazama Nguchiro bila hasira, kisha akainuka kwa shida, akaondoka zake kuelekea nyasi ndefu.

Jioni Nguchiro alimpelekea bibi maji kama kawaida. "Bibi, uwanja umepona."

"Yule alinisalimia kabla hajanigusa," alisema Bi Kakakuona. "Wewe je, ulimsalimia?"

Bibi alijikunja, magamba nje, uso ndani, na tangu siku ile hakufundisha tena. Ukimkaribia, anajikunja. Wanafunzi waliendelea kuja, lakini walimfuata Nguchiro, na wote walitaka kitu kimoja: "Tufundishe ule mtego." Hakuna aliyeuliza juu ya ufagio. Walipokutana kupigana, mmoja akipiga magoti, mwenzake alirusha teke mapema, maana nani atafumba macho mbele ya mtu tena? Miaka miwili haikupita, nyasi zikaota uwanjani. Ule uwanja haukufukuliwa na Ngiri. Ulipotea hivyohivyo.

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Ya Nguchiro yameshapata wajukuu wake. Mpaka leo utamwona njiani amesimama kwa miguu ya nyuma, shingo juu, anaangaza huku na huku. Watu husema anaogopa tai. Anamtafuta Ngiri, amjibu lile swali. Na Ngiri akimwona tu huinua mkia, akatimua mbio.

Haya, funzo. Hadithi bila funzo ni mchuzi bila chumvi, kwa hiyo lishikeni. Funzo ni kwamba ujanja ni bora kuliko mazoezi: mazoezi yanataka mwaka, ujanja siku saba tu. Na mjinga akija kukuamkia shikamoo, mdanganye upesi, kabla hajawa mtu mwema ukamwonea huruma. Nguchiro alishinda. Kama hamniamini, nendeni mkamuulize.

Hadithi yangu imeangukia hapa, mwenye nguvu aiinue. Lakini mkirudi makwenu, mkipita porini mkamkuta ngiri anakula, tazameni miguu yake ya mbele. Amepiga magoti. Watu watawaambia ana shingo fupi. Ninyi mkae kimya mngoje amalize, maana ndiye pekee aliyebaki anayeusalimu ule udongo.