Kanga Ashtaki Tanuri la Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipooka mikate na kupelekana mahakamani, Nyati alikuwa na tanuri kubwa. Wakandaji wake walikuwa Bata weupe, weupe pe, na Kanga mmoja mwenye madoadoa.

Asubuhi moja mto ulifurika. Kanga akachelewa kazini. Bata nao wakachelewa. Nyati akawatazama wote, kisha akamgeukia Kanga peke yake.

"Wewe! Umechelewa. Kazi huna!"

"Bwana Nyati, na hawa je?"

"Toka!"

Pu! Mlango ukafungwa.

Kanga akakimbilia kwa Hakimu Tembo. "Mheshimiwa, nimefukuzwa kwa sababu ya madoa yangu!"

"Madoa?" Nyati akaguna, alipoitwa barazani pamoja na Bata. "Alichelewa, basi!"

Bata walipoulizwa, wakainamisha vichwa kimya. Waliogopa kufukuzwa.

Tembo akashusha pumzi. "Bi Kanga, bila ushahidi siwezi kukusaidia. Ulete kesho."

Kanga akarudi nyumbani akilia. Jirani yake Nguchiro, mdogo wa mwili lakini akili kama moto, akaruka dirishani, chupu!

"Shoga, futa machozi! Una unga?"

"Kibaba kimoja tu, cha uji wa watoto."

"Kilete!"

Kesho yake, jua likiwa limepanda, Kanga akabisha hodi kwa Nyati. Alikuwa mweupe kutoka kichwani hadi miguuni! Nje, nyuma ya ukuta, Nguchiro alikuwa amemleta Tembo, sikio lake kubwa limebanwa kwenye tundu.

"Bwana, natafuta kazi," Kanga akasema kwa sauti ya puani. "Ila nisikufiche, mimi ni mchelewaji. Hata leo nimechelewa kuamka."

"Ha ha ha! Kuchelewa ni nini, bibi mweupe?" Nyati akacheka. "Hata Bata wangu huchelewa. Ingia, kazi umepata!"

Kanga akajitikisa kwa nguvu. Fuuu! Unga ukatimka, madoa yakaonekana.

"Kumbe ni wewe!" Nyati akanguruma. "Toka! Sitaki madoa hapa, hata uje kabla jogoo hajawika!"

"Rudia hayo, Bwana Nyati," sauti nzito ikasema mlangoni.

Lo! Nyati akageuka, akamwona Tembo.

"Mhe... mhe... mheshimiwa..."

"Mweupe akichelewa, karibu. Mwenye madoa akichelewa, toka. Ushahidi umeutoa mwenyewe, kwa kinywa chako! Bi Kanga anarudi kazini leo hii, na watoto wake watakula mikate yako mpaka washibe."

"Kwa-kwa-kwa!" Bata wakapiga kelele za furaha, mmoja akamsogezea Kanga nafasi kwenye meza ya kukandia. Nguchiro, yeye, alishachukua mkate wa moto na kutokomea.

Ndivyo ilivyo, wanangu: ubaguzi hata ukivishwa sababu nzuri, iko siku hujivua nguo wenyewe.