Kwa Nini Mipaka ya Karimundu Hupandwa Mibuni

Nyamazisheni hao watoto, na wewe mwenye kikohozi kohoa umalize kabisa, maana habari hii nikishaianza sirudi nyuma.

Ulikuwako wakati ambapo kilima cha Karimundu kilinukia kahawa toka kileleni mpaka mtoni, na hakuna mtu mweusi aliyekuwa na mbuni hata mmoja. Mwingereza alikuwa ameutwaa upande wenye udongo mwekundu, akaupanda mibuni mistari kwa mistari, kisha akapiga marufuku Mwafrika kupanda kahawa. Alisema tungeiletea miti magonjwa. Lakini kuichuma, kuimenya na kuianika, hapo ugonjwa haukuonekana. Hayo tuliachiwa sisi.

Miongoni mwa wachumaji alikuwapo mjane mmoja aitwaye Igoki. Alikuwa hodari wa kazi, na alikuwa na wivu. Nasema hilo waziwazi kwa sababu mwenyewe hakulificha. Jirani akipata mbuzi, Igoki alikosa usingizi, na mbuzi yule akifa, alilala fofofo. Wivu wa mbuzi ulikuja na kupita. Wa mibuni ulikuja ukakaa.

Chanzo kilikuwa Disii, mkuu wa wilaya. Ili watu wa kilima wasiwe kitu kimoja, alimruhusu hedimani wake, mtu wetu aliyemweka atusimamie, kupanda mstari mmoja wa mibuni nyuma ya nyumba. Mke wa hedimani huyo aliitwa Ciambaka, na shamba lake lilipakana na la Igoki. Mibuni ilipotoa maua, harufu ilivuka ua wa minyaa ikaingia jikoni kwa Igoki akikoroga uji, na uji ule ukaungua. Ciambaka naye hakuwa na huruma. Alianika buni zake kando ya njia, akawa anazigeuza polepole saa wachumaji wanaporudi kutoka kazini.

Kwa desturi ya kwetu, ukiupenda mmea wa jirani unamwomba mbegu, naye hawezi kukunyima. Igoki angeomba, yakaisha. Lakini kuomba ni kukiri kwamba mwenzako anacho nawe huna, na maneno hayo yalimkwama kooni. Akaona heri amwibie Mzungu.

Wachumaji walipekuliwa langoni kila jioni, vikapu, mikunjo ya nguo, hata mbeleko za watoto. Igoki alitia buni moja mbivu kinywani, akaifyonza utamu, akazificha punje zake chini ya ulimi. Mnyapara alipomsalimu, aliitikia kwa kichwa. Ikawa hivyo msimu mzima, na mnyapara akamsifu mbele ya wenzake kuwa ndiye mwanamke pekee pale mwenye adabu.

Punje alizipanda katikati ya migomba. Miche ikaota, ikamfika magotini, ikamfika kiunoni, naye aliipangusa majani kama anayemwosha mtoto. Ilipochanua mara ya kwanza, Ciambaka alinusa harufu ikitoka upande usio wake. Akachungulia penye minyaa. Yeye mwenye mstari mzima aliumwa na miche ya mwenzake mpaka chakula kikamshinda. Akamwambia mumewe, na mumewe akamwambia Disii.

Disii alikuja na askari. Waliing'oa mibuni ya Igoki mbele ya macho yake, na udongo ulikuwa bado umeshikamana na mizizi. Igoki hakulia. Alimtazama Ciambaka aliyesimama upande wa pili, akatamani ardhi immeze jirani huyo. Hapo Disii akanyoosha fimbo yake kuelekea ng'ambo ya ua, na askari wakavuka, wakaung'oa na mstari wa hedimani.

"Nilikosea kuwapa," Disii alisema. "Akipata mmoja, wote wanataka."

Hedimani alivua kofia, akasema, "Ndiyo, bwana." Mibuni yote ikarundikwa pamoja, ikatiwa moto.

Igoki alicheka. Mungu amsamehe, alicheka mpaka akashika mbavu, kwa kumwona Ciambaka ameketi kando ya mashimo yake matupu. Kisha macho yake yakamwangukia Disii. Hakuwa na hasira yule mtu. Aliutazama moto kwa utulivu wa mtu aliyeshiba. Igoki aliufahamu uso ule vizuri sana. Ulikuwa wake mwenyewe, siku mbuzi wa jirani alipokufa.

Askari walipoondoka, alivuka ua.

"Ni mimi niliyesema, jirani," Ciambaka alimwambia bila kuinua kichwa. "Nilitaka nibaki peke yangu."

"Najua. Ningekuwa wewe ningesema mapema zaidi."

"Lakini kwa nini amechoma na yangu? Sisi tumemtumikia."

"Ana wivu."

"Disii? Atuonee wivu wa nini, na kilima chote ni chake?"

"Na wewe ulikuwa na mstari mzima," Igoki alisema. "Mbona vimiche vyangu vilikunyima chakula?"

Ciambaka akainua kichwa, akamtazama.

Neno hilo lilishuka kisimani, likafika sokoni, likazunguka kilima. Watu walikuwa wamemwona Mwingereza kama radi, kitu ambacho hukiwezi, unaomba tu kisikupige. Lakini mwenye wivu walimfahamu. Kila nyumba ya Karimundu ilikuwa naye. Wakaanza kuulizana kwa nini Mwingereza alizuia ngoma zetu, kwa nini aliwafungia vijana wetu shule, na kila walipouliza, jibu lilikuwa lile lile, wivu. Uchungu waliokuwa wakirushiana juu ya nyua ukapata njia yake ya haki.

Mavuno yalipofika, wachumaji waliingia shambani wakaketi, vikapu vitupu mapajani, Igoki na Ciambaka wakiwa mbele. Buni ziliiva, zikaanguka, zikaoza. Mlowezi mwenye shamba akaleta askari, na bunduki zilipolia wako wanawake ambao hawakuinuka tena. Ndipo wanaume wakala kiapo, wakaingia msituni. Hedimani aliitupa kofia yake mtoni, akawafuata. Nyumba zilichomwa, watu walizikwa bila kuoshwa, na machozi yale yalichukua miaka mingi kabla ya bendera ya mkoloni kushushwa.

Ardhi iliporudi, kila mtu alitaka mibuni yake. Igoki akamwendea Ciambaka akiwa na panga.

"Mzungu amekwenda, lakini mimi bado ni yule yule," alisema. "Yako ikichanua kabla ya yangu, nitaanza tena. Najijua."

"Hata mimi," Ciambaka alisema.

Wakaufyeka ua wa minyaa, wakapanda mibuni pale pale mpakani.

Na tangu siku hiyo, mipaka ya Karimundu ni mibuni. Msimu huu palizi ni ya huyu, ujao ni ya yule, na anayetangulia kuchuma ni yule ambaye hakupalilia. Aliyepalilia husimama kando akitazama kikapu cha jirani kikijaa. Moyo humuuma kweli kweli, naye haondoki mpaka uache kuuma.