Wageni wa Sultani Nasoro

Hapo zamani, na msiniulize lini, palikuwa na Sultani Nasoro, mwenye mashamba ya mikarafuu yasiyo na mwisho. Mabalozi wa ng'ambo walimkera mpaka akapiga mbiu kwamba utumwa umekwisha nchini mwake. Watu wakacheza ngoma usiku kucha, na kulipopambazuka wasimamizi wakawarudisha shambani kama jana.

Basi palikuwa na fukara mmoja, Songoro, hana mbele wala nyuma, ila mdomo anao. Mkewe Zafarani alikuwa miongoni mwa wachuma karafuu hao, naye Songoro alitaka mkewe arudi nyumbani, hataki kingine. Akaenda barazani, akamkuta balozi amealikwa kahawa.

"Seyyid, niachie mke wangu. Utumwa si umekwisha?"

"Umekwisha," akajibu Sultani, jicho kwa balozi. "Kwangu hakuna mtumwa hata mmoja, sasa nimwachie nani? Wale wa shambani ni wageni wangu."

"Kumbe wageni," akasema Songoro, akainama. "Niwie radhi, Seyyid."

Akatoka mbio hadi shambani, akawaita wote waje kwa mwenyeji wao. Msimamizi akaziba njia. Songoro akamwambia, "Unamzuia mgeni wa Seyyid? Haya, balozi yupo, nenda ukamweleze." Msimamizi akanywea, akapisha.

Ikawa balozi hajamaliza kahawa yake, baraza imejaa watu wenye vidole vyeusi, wamekaa juu ya mazulia, wamenyoosha mikono wanawishwe. Na mgeni hunawishwa na mwenyeji. Sultani akamtazama balozi, akashika birika.

"Taratibu, baba," akasema Bibi Mrashi, ajuza wa shamba, "maji ya moto hayo."

Halua ikaletwa, ikaisha, ikaletwa nyingine. Kisha Bibi Mrashi akajifuta mdomo. "Haya, Seyyid, tunaomba ruhusa."

Sultani akababaika, akakimbilia adabu. "Mbona mapema? Kaeni kwanza."

"Tumekaa tangu enzi ya babu yako, baba. Tumeshiba."

Balozi akacheka hata kahawa ikammwagikia. Tena mgeni husindikizwa, wala mwenyeji hageuki mpaka aambiwe arudi. Basi Sultani akawasindikiza kwa miguu, kilemba kimelegea, kila kona akisimama kungoja neno hilo, na Songoro na Zafarani wameshikana mikono mbele, wanajifanya viziwi. Walipoupita mkarafuu wa mwisho, ndipo Bibi Mrashi aliposema, "Rudi sasa, baba, jua kali."

"Karibuni tena," akasema Sultani, maana ndivyo mwenyeji asemavyo.

"Aa, sasa zamu yako. Njoo kwetu. Nawe ukiomba ruhusa, tutakupa."

Sultani akarudi peke yake. Msimu ule karafuu zikachanua mitini bila mchumaji, na msimu wa pili akapiga mbiu nyingine, anatafuta vibarua wa kulipwa.