Dawa ya Fisi

Hebu niambieni, nyinyi mnaoitikia amina kwa sauti ya juu: fisi akiingia zizini, mwenye kosa ni fisi, ama ni aliyeacha pengo?

Kulikuwa na mfugaji mmoja. Uzio wake wa miiba ulikuwa umeoza upande mmoja. Mkewe alimwambia mpaka akachoka. Fisi akapita hapo hapo, akabeba mbuzi. Asubuhi mzee, kichwa moto, akaenda agrovet, duka la pembejeo za mifugo.

"Nipe dawa ya fisi."

"Kwani fisi anaumwa?" muuzaji akamuuliza.

"Kijana, usinichezee. Dawa ya kummaliza."

Lugha yetu hii, ndugu zangu. Sumu tunaiita dawa, na kwa vile tumeiita dawa, hatuogopi kuibeba nyumbani. Muuzaji akampa. Business ni business. Mfugaji akaimwaga kwenye mzoga wa mbuzi na kuutupa korongoni. Wakafa fisi, wakafa mbweha, tai wakaanguka juu ya mzoga ule ule kama nguo zilizoanuliwa ovyo. Jamaa akazunguka kijijini kifua mbele. Problem solved.

Mvua zikaja, na kimeta nacho, ule ugonjwa unaoua mifugo na watu. Ng'ombe wa jirani akafa, akaburutwa korongoni kama desturi. Zamani, kukicha hukuti hata mfupa. Safari hii nani aje? Mzoga ukavimba, ukapasuka, maji yakaushusha hadi malishoni. Ng'ombe wa mzee wakaanza kuanguka. Mkewe akamchuna mmoja, maana njaa haina adabu, na kidonda cheusi kikamtoka mkononi. Mzee akakimbilia dukani, hana hata viatu.

"Kijana, nipe dawa ya kimeta."

"Ilikuwa kule korongoni, mzee, ikitufanyia kazi bure. Si ulikuja hapa ukataka ya kuimaliza?"

Mama yule hakufika hospitali.

Sisi ndio mfugaji huyo. Tunataka nyika isiyo na meno, kisha tunashangaa uozo ukibisha hodi. Fisi ana sura mbaya, sawa, hakuna aliyesema umkaribishe chai. Ziba zizi lako, ulale, umwache apite aende kazini. Yeye angalau kazi anayo.

Na nyinyi wazito wa viti vya mbele, wa idara za wanyamapori na mifugo, mnaofika kupiga picha mizoga ikishaoza: leteni wavu wa mazizi, leteni chanjo kabla ya mvua, na hiyo sumu iondoeni madukani. Msituambie tuombe. Leteni.