Kelele za Tawi Moja

Haya, mmekaa?
Tumekaa.
Na masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo.
Basi yafungueni, ngano inaingia.

Hapo kale, kale ya kale, Mama Popo aliishi kwenye tawi la mkuyu na mwanawe mchanga. Upande wa pili wa tawi hilo akahamia Gogota, ndege atoboaye miti kwa mdomo.

Popo hulala mchana. Gogota hufanya kazi mchana. Jua likichomoza tu: go-go-go, go-go-go. Tawi linatetemeka, mtoto anashtuka, kucha zinaachia. Mama anamdaka. Wanasinzia kidogo: go-go-go. Anamdaka tena.

"Iko siku sitamuwahi," akawaza.

Akaenda kwa Kinyonga, mjumbe wa mti ule, mwamuzi wa ugomvi wa majirani.

"Mjumbe, jirani yangu ana kelele."

"Umemwambia mwenyewe?"

Hakumwambia. Alijiona mkubwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia kwenye mti. Akasema, "Nimemwambia."

"Basi mpe muda."

Go-go-go. Akarudi.

"Mjumbe, hajaacha."

"Alikujibu nini?"

"Alinitukana."

"Tusi gani?"

"Mjumbe nawe, matusi hayarudiwi mbele ya watu wazima."

Go-go-go. Safari hii mtoto alidakwa kwa ncha ya bawa. Mama Popo akarudi analia. "Mfukuze, Mjumbe. Mfukuze leo."

Kinyonga, jicho moja mbele, jicho moja nyuma, akaja mwenyewe jua likizama, wakati Popo anaamka na Gogota hajalala. Akamwita Gogota.

"Jirani yako anasema alikuambia upunguze kelele, ukamtukana."

Gogota akamtazama Mama Popo. "Shikamoo, mama. Mbona hujawahi kuniambia neno? Ila sauti yako ya usiku naijua sana."

"Ya usiku?"

"Wewe na wageni wako mkila makuyu. Mnagombana, mnacheka, mnapiga mabawa mpaka alfajiri. Silali. Ndiyo maana nachimba, mama. Kila siku naongeza shimo liende ndani zaidi, labda nisiwasikie."

Kinyonga akachungulia shimoni. Shimo lilikuwa limefika chini ya kucha za mtoto wa Popo. Kilichobaki hapo kilikuwa gome tu.

Mama Popo akamkumbatia mwanawe. "Mungu anisamehe. Sikumwambia, Mjumbe. Wala hakunitukana."

"Mwambie yeye, si mimi."

Akamgeukia Gogota. "Baba, nimekusingizia. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Hata mimi nilipaswa kupiga hodi. Niliona haya, mgeni mimi."

Jioni ile ile wote wakahamia tawi nene. Popo na wageni wake wakawa wanakwenda kula mti wa ng'ambo. Gogota akachimba shimo fupi kwa siku moja tu, na siku hiyo Mama Popo akambeba mtoto kifuani asianguke, basi. Usiku ulikuwa kimya, Gogota hakuwa na haja ya kuliongeza shimo.

Ngano inatufunza hivi: kushitaki si kosa, mjumbe yupo kwa kazi hiyo. Kosa ni kumshitaki mtu ambaye hujawahi kumwambia, tena kwa uongo, na kelele zako mwenyewe huzisikii.

Mzigo wangu nimeutua hapa, mwenye nguvu aubebe. Nami nina ombi moja kwako unayenisikiliza. Kesho, kabla hujaenda kwa mjumbe, pita kwanza kwa jirani yako, piga hodi, msalimie.