Mawe ya Foleni

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wapo wanaoitaja methali hii kila siku ilhali wamezaliwa juu ya magodoro mazito. Kunguni wao humjua vitabuni tu. Mmoja wa watu hao alikuwa Theophil.

Ilikuwa mwaka 1974, mwaka wa ukame. Unga wa yanga, ule wa njano ulioletwa kutoka ng'ambo kama msaada, uligawiwa kila Jumamosi katika duka moja la ushirika huko Kariakoo. Theophil alikuwa akisomea shahada ya pili: namna ya kuwafikishia misaada watu waliokumbwa na maafa, na namna ya kutumia elimu ya mila na desturi katika kazi hiyo. Foleni aliyopewa kuichunguza ilikuwa mitaa miwili tu kutoka kwao, ambako baba yake, Mzee Wilbert, mtu wa Kilimanjaro, alikuwa na duka la jumla. Lakini kukaa karibu na foleni si kusimama foleni. Kwao unga uliingia kwa mlango wa uani, na hakuna aliyeuliza ulikotoka.

Siku ya kwanza alikuta watu thelathini na mawe arobaini. Kulikuwa na matofali, kandambili iliyofungwa kamba, sufuria iliyotoboka, kila kimoja kimeshika nafasi ya mtu. Theophil alitoa dodoso lake akawahoji waliosimama, mmoja mmoja, kwa adabu. Wenye mawe hawakuwapo, kwa hiyo hawakuhojiwa. Mwishowe akaandika kwamba mawe ni hila ya walanguzi.

Bi Fakhriya, mshona kofia, ndiye mwenye sufuria ile. Alipita kuitazama, akamkuta anaandika.

"Kila jiwe hapo lina mwenyewe, mwanangu," alimwambia, "na kila mwenyewe ana sababu."

Theophil aliitikia kwa heshima. Akatafuta katika dodoso mahali pa kuandika sababu, hapakuwapo.

Ripoti yake ilitoka safi kama kanzu ya Idi. Ilipendekeza kwamba apewe unga yule tu aliyesimama kwa miguu yake. Balozi wa nyumba kumi, Ndugu Mrisho, aliyesimamia mgao, hakuielewa yote, ila alielewa kwamba aliyeiandika ni msomi, na hilo likamtosha. Jumamosi iliyofuata mawe yalitupwa mtaroni. Bi Fakhriya alipofika saa nne, sufuria haikuwapo na unga ulikuwa umekwisha. Mumewe, Mzee Humoud, aliyepooza upande mmoja na asiyeweza kumeza ila uji, alishinda kwa chai kavu siku nne.

Mtaa haukupiga kelele. Ulikwisha kupangiwa sana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mkoloni aliwapangia watu chakula kwa rangi zao, huyu mchele, yule mahindi. Na wazee walikumbuka kwamba kila mara anayepanga huwa ameshakula.

Jumamosi ya tatu, alfajiri, Bi Fakhriya alibisha hodi kwa Mzee Wilbert na kumwulizia kijana.

"Shikamoo, Bi Fakhriya."

"Marahaba. Sheria yako nimeikubali, naenda kusimama. Basi wewe njoo ukae na mzee."

Theophil alieleza kwamba ana kazi ya chuo. Akajibiwa kuwa na hiyo ni kazi, abebe na karatasi zake.

Chumbani hakukuwa na kiti. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha kamba. Saa ya kwanza aliandika. Saa ya pili ilibidi amgeuze mzee, asije akaota vidonda mgongoni. Saa ya tatu shuka lililowa, akalibadilisha.

"Andika basi," Mzee Humoud alimwambia polepole, mdomo umekwenda upande. "Mzee kakojoa tena."

Haja ilimbana Theophil mwenyewe, lakini kila aliponyanyuka mzee aliteleza kuelekea sakafuni. Kunguni nao walitoka kwenye kamba wakampanda mapajani. Hawakumwuliza ana shahada ngapi. Kufika saa tano karatasi zilikuwa chini, na alikuwa ameelewa kwa nini sufuria ilisimama foleni na mwenyewe akabaki nyumbani.

Saa saba Bi Fakhriya alirudi. Kikapu kilikuwa kitupu. Theophil alishangaa, maana mama huyu alikuwa foleni tangu alfajiri.

"Mbele yangu walikuwa mahamali kumi na wawili, wenye miguu mizuri," alisema Bi Fakhriya. "Kila mmoja kapokea mfuko wake. Wote wamepakia mkokoteni mmoja."

"Mkokoteni wa nani?"

Bi Fakhriya aliweka kikapu chini. "Mwanangu, unga wa kwenu huingia kwa mlango gani?"

Theophil alikwenda moja kwa moja uani kwao, akaikuta mifuko kumi na miwili ya yanga, vumbi la njano bado liko kizingitini. Aliuchukua mmoja mbele ya macho ya baba yake, akaupeleka kwa Bi Fakhriya. Kisha akaingia mtaroni na suruali yake ya chuo, akatoa matofali, mawe na sufuria.

Ripoti aliiandika upya, akapendekeza mawe yarudi foleni, na jina la Mzee Wilbert akalitaja. Baba hakusema naye hadi mvua za mwaka uliofuata. Mwalimu wake alimpunguzia alama, kwa kuwa shahidi wake mkuu alikuwa mmoja tu, tena amelala. Lakini Jumamosi ya nne sufuria iliyotoboka ilikuwa mahali pake, na Mzee Humoud alikunywa uji. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.